Kitanda cha Mbele

Wapo watu watakaokuambia kwamba kuvuta nyumba kwa pikapu ndogo ni shauri la injini. Usiwasikilize. Hao ni wajuaji wa kila kitu ambao hawajawahi kuvuta hata mkokoteni. Aliyevuta nyumba kwa miaka kumi na tisa, tena kwa pikapu ambayo mlango wake mmoja hufunguka kwa kupigwa goti, ni mzee mmoja waliyemwita Konokono. Na hata yeye, nakuambia, alikuwa hajui kitu.

Jina hilo alipachikwa na watoto wa shule, maana alitembea na nyumba yake. Hakukasirika, yapo majina mabaya zaidi. Mkewe wakamwita Mama Futi kwa sababu ya futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, akipika, akifua, hata akienda kumjulia hali mgonjwa. Biashara yao ilikuwa sare za shule. Shule zilipokaribia kufunguliwa waliingia mjini, wakaegesha trela lao karibu na uwanja au stendi, Mama Futi akapima na kushona, Konokono akakata vitambaa, akashikiza vifungo, akapiga pasi. Wakimaliza mji huu wanafunga, wanavuta, wanahamia mwingine. Miji ilikuwa mitano, na katika yote mitano walijulikana kuliko madiwani.

Trela lenyewe zamani lilikuwa ofisi ya wahandisi wa barabara. Barabara ilipokwisha liliuzwa pamoja na viti vilivyovunjika, na mlangoni palibaki maandishi makubwa mekundu: USIINGIE NA MATOPE. Konokono alitaka kuyafuta kwa rangi, mkewe akakataa katakata.

"Yaache hapo hapo," alisema. "Mimi nikikuambia husikii. Pengine mlango utausikiliza."

Ndani hapakuwa pakubwa, lakini palitosha watu wawili wanaopendana au wawili waliozoea kugombana, na wao walikuwa yote mawili. Mbele kabisa, upande wa pikapu, kulikuwa na kitanda kipana chenye nafasi chini yake. Katikati jiko la gesi na mlango. Nyuma, chini ya dirisha, meza ya kukatia vitambaa na rafu za sare zilizokwisha kushonwa.

Kazi ziligawanywa tangu mwaka wa kwanza: mama anapanga mzigo, baba anaendesha. Siku ya kuondoka Mama Futi alimtoa mumewe nje kama anayefukuza kuku, akafunga mlango, na kwa saa nzima ukasikia vitu vikiburutwa huku na huku. Konokono alikunywa chai yake ameegemea boneti, akipaza sauti.

"Wewe, unapanga mzigo au unajenga ghorofa?"

Hajibiwi. Mwisho mama alitoka jasho likimtiririka, akavuta mlango, akasema, "Haya dereva. Twende." Basi. Mama Futi alipanga, Konokono akasifiwa. Kwenye vituo vya mafuta madereva wa malori walitikisa vichwa wakimwambia, "Mzee, trela linakufuata kama mbuzi aliyezoea kamba." Naye, mwanamume wa watu, aliinua mikono yake miwili hewani na kusema, "Ni hii. Hii mikono ilibeba saruji ya nchi nzima kabla hamjazaliwa." Kwa kweli aliwahi kuendesha lori la saruji, miaka saba tu, lakini ukimsikiliza utadhani aliijenga dunia.

Njiani mama alisema. Ewe! Alisema tangu ufunguo unapozungushwa hadi unapotolewa. Alihukumu nguo zilizoanikwa kwenye kila nyumba waliyopita, nani amefua vizuri na nani amelowesha tu, alihesabu madaraja, aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Konokono alimwita redio isiyo na betri. "Mama, yapumzishe masikio yangu kidogo," alikuwa akisema, angalau mara mbili kila safari.

Mwaka huu masikio yalipumzika. Mama Futi aliugua siku tisa. Siku ya kumi, katika wodi ya hospitali kwenye mji anaoishi binti yao, alimwomba muuguzi amsogezee mto, akafa kabla mto haujasogezwa.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kuondoka na mabenchi ya kukodi kurudishwa, binti alimkalisha baba yake sebuleni. Binti huyu ni mtu wa maneno machache, karani wa masjala, kila kitu kwake kina faili lake. Ni mtoto wao wa pekee.

"Baba," alisema, "kuna chumba uani. Nimekisafisha. Uza trela, uje ukae na sisi."

"Mimi bado nina nguvu."

"Sijasema huna nguvu."

"Shule zinafunguliwa. Watu wananingoja."

"Wanamngoja Mama," alisema binti, na mara akajuta, lakini neno likitoka halirudi.

Konokono alivimba. Alisema hajafikia umri wa kuwekwa uani kama baiskeli mbovu. Binti akalia, mzee akakohoa, na mwisho walikubaliana hivi: atazunguka peke yake mzunguko mmoja, miji yote mitano. Trela likimshinda, ataliuza na kuja bila ubishi. Lisipomshinda, binti hatasema neno tena, na mzee ataendelea na maisha yake barabarani kadiri Mungu atakavyomjalia. Walipeana mikono kabisa, baba na mwana, kama watu wanaouziana shamba.

Sasa sikiliza kosa lake.

Asubuhi ya kuondoka aliingia ndani kupakia, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Akatazama kitanda cha mbele. Shuka lilikuwa limetandikwa na Mama Futi mwenyewe kabla ya kwenda hospitali, kona zimekunjwa kama bahasha, sweta lake la kijani liko juu ya mto. Konokono aliinua jora la kitambaa cha bluu, akalipeleka hadi pale, akasimama. Hakuweza. Akaliweka nyuma. Akachukua la pili, nyuma. Cherehani, ile ya chuma inayohitaji watu wawili au mtu mmoja mwenye hasira, aliiburuta hadi nyuma. Pasi mbili, boksi la vifungo, madumu ya maji, mtungi wa gesi, vyote nyuma, vikarundikana hadi dirishani. Upande wa mbele haukuguswa. Yeye mwenyewe tangu msiba alikuwa akilala sakafuni karibu na meza, juu ya vipande vya vitambaa, na alipoamka alikuwa na nyuzi kichwani.

Akafunga mkono wa trela kwenye lile tufe la chuma nyuma ya pikapu. Aliunyanyua kwa mkono mmoja tu, kwa wepesi, na akafurahi. Aliona kwamba bado ana nguvu. Maskini.

Kilomita za kwanza zilikuwa tambarare na mambo yakaenda. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu na Konokono hakukitazama. Aliwasha redio, ikakwaruza, akaizima. Alijaribu kupiga mluzi. Mtu akizoea kunyamazishwa kwa maneno ya mwingine, hata mluzi wake mwenyewe unamtisha.

Halafu ukaja mteremko. Pikapu ilipoongeza kasi, Konokono alihisi kitu kimemshika kiunoni na kumvuta kulia. Kisha kushoto. Akatazama kioo: trela lilikuwa linatikisa makalio. Akakanyaga breki, na hapo ndipo alipolichokoza. Likachapa mkia upande huu, likachapa upande ule, usukani ukawa mwepesi mikononi kama sahani, na mbele yake basi linapanda mlima limejaa watu. Aliona uso wa dereva wa basi. Aliona mwanamke wa kiti cha mbele akifumba macho. Trela lilipita ubavuni mwa basi kwa nafasi ya kiganja, likakwangua kingo za barabara, na vyote viwili, pikapu na nyumba, vikasimama kwenye majani vimejipinda.

Dereva wa basi naye alisimama, akashuka.

"Mzee, umelewa?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi shuka! Mpe mwingine aendeshe."

Hakuwepo mwingine. Konokono alitikisa kichwa tu, basi likaenda zake. Akakaa ameshika usukani wa gari lililozimwa. Ile mikono iliyobeba saruji ya nchi nzima ilikuwa inapigapiga kwenye usukani na hakuweza kuituliza. Akasema kwa sauti, peke yake, "Limenishinda."

Na hapa nitakuambia jambo ambalo mwenyewe hakutaka kulijua: alipotamka neno hilo, moyo wake ulitulia. Aliona chumba cha uani. Alisikia vijiko vikigongana kwenye sahani, watu wanakula, mtu anamwuliza kama ameshiba. Akaichukua simu ampigie binti. Pale mteremkoni hapakuwa na mtandao. Akawasha gari, akajikokota kwa mwendo wa mtu anayetembea, hadi alipoona matairi yaliyopakwa rangi nyeupe kando ya njia na kibanda cha bati. Alinuia kuliacha trela hapo, apige simu, aende.

Fundi wa matairi alikuwa mama mmoja mnene wa mabega, amevaa ovaroli iliyokatwa mikono. Madereva walimwita Jeki, na ukimwona akinyanyua gurudumu la lori hutauliza kwa nini. Alikuwa ameshaliona trela likija.

"Baba, hilo limekutesa," alisema.

"Limenishinda, fundi. Nataka kuliacha hapa siku mbili tatu. Mimi nimezeeka, mikono haina nguvu tena."

"Mikono!" Jeki alicheka. "Kila dereva na mikono yake. Hebu tuone." Alizunguka trela mara moja, akapiga matairi teke, akachuchumaa. Kisha akaja mbele, akafungua kiungo, akaukamata mkono wa trela na kuunyanyua. Ulipanda kama ufagio. Akaushusha, akaunyanyua tena, safari hii kwa vidole viwili, akimtazama mzee usoni.

"Baba, nani anakupangia mzigo?"

"Mke wangu."

"Mwite aje."

Konokono alitazama matairi.

"Mwite, nimwonyeshe kosa. Hakuna ugomvi. Trela likiwa zito nyuma na jepesi mbele, lazima litikise mkia. Hata ungekuwa na mikono ya chuma. Mzigo mzito unakaa mbele ya magurudumu, ukandamize pikapu kidogo, ndiyo trela litulie. Nilipakia malori miaka kumi na mbili kabla ya matairi haya. Amepanga kinyume. Yuko wapi? Amelala ndani?"

"Alifariki," alisema Konokono. "Safari hii nimepanga mwenyewe."

Jeki aliuacha mkono wa trela polepole. "Pole, baba. Pole sana. Mimi na mdomo wangu." Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Naomba nitazame ndani."

Alifungua mlango, akasoma maandishi, akavua viatu vyake. Konokono alimsubiri nje. Jeki hakukawia. Alipotoka hakuwa anacheka.

"Nimeona," alisema.

"Pale mbele ni pake."

"Nimeona, baba. Lakini trela halijui msiba. Linajua uzito tu." Akavaa viatu vyake. "Na mkeo alijua. Mtu aliyekupangia likakufuata miaka yote hiyo, huyo alikuwa fundi. Wengi wanaoitwa mafundi hawajui alichokijua."

Konokono alikaa juu ya tairi lililopakwa chokaa. Miaka kumi na tisa! Vituo vyote vile vya mafuta, mikono hewani, na yule mwanamke amekaa kiti cha kushoto anacheka na kumwacha ajisifu. Hakuwahi kusema. Mtu aliyesema juu ya kila kitu, juu ya soksi za watu wasiowajua, hili hakulisema. Konokono aliona haya, na haya ikageuka uchungu ulioonekana usoni, mpaka Jeki akaenda kujishughulisha na pampu isiyohitaji kushughulikiwa.

Alipoinuka alikataa kusaidiwa. Aliingia mwenyewe. Alilikunja sweta la kijani, akatafuta mahali pa kuliweka, akakosa, mwisho akalivaa, lilimbana mabegani. Akatoa shuka. Akaweka majora chini ya kitanda, moja moja. Akaiburuta cherehani, inchi kwa inchi, akiitukana, akaipandisha juu ya godoro kwa goti na kifua, akaifunga kwa kamba pale mgongo wa mkewe ulipokuwa unalala. Pasi. Vifungo. Madumu. Alitumia saa nzima kamili, na nje Jeki alisikia vitu vikiburutwa.

Akatoka jasho likimtiririka. Jeki akamwambia aunyanyue mkono wa trela. Akajaribu kwa mkono mmoja, haukusogea. Kwa miwili, ukapanda kwa shida.

"Ndiyo hivyo," alisema Jeki. "Sasa nenda. Na spidi isizidi sitini."

Alikwenda. Alikuta mteremko wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, na akaushuka ameuma meno, akingojea kuvutwa kiunoni. Hapakuwa na kitu. Trela lilishuka nyuma yake kimya. Akaongeza mwendo kidogo, akapinda kona, akapishana na lori lililomwagia upepo wa kutikisa hata mti. Halikuyumba. Akaanza kucheka, akageuka kushoto amwambie mtu, "Umeona?"

Kiti kilikuwa kitupu, kama kilivyokuwa tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba asubuhi alikuwa na kazi ya kupigana na trela, na mwenye vita hana nafasi ya upweke. Sasa vita vimekwisha. Usukani unakaa wenyewe. Kilomita arobaini za barabara nyoofu, injini inanguruma sauti moja, na mzee amevaa sweta la mwanamke. Nyumba zilipita na nguo zake kwenye kamba, nyeupe, za rangi, zilizofuliwa vizuri na zilizoloweshwa tu, na hakuna aliyezisema. Akajaribu yeye. "Yule mwenye mashuka," alisema kwa sauti, "yule amejitahidi." Sauti yake ilimkera, akanyamaza.

Masikio yalikuwa yamepumzika mpaka yanauma.

Akaona paa za mji wa kwanza. Akaona ukuta wa shule. Kona moja tu, aegeshe pale pale wanapoegesha siku zote, afungue mlango, na kina mama waje na watoto wao wakiuliza, yuko wapi Mama Futi? Halafu mji wa pili, waulize tena. Wa tatu. Akasimama kando ya njia kabla ya kona na kuzima gari. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, wahenga walisema, na hakuna anayemcheka. Lakini guu la Konokono halikuvunjika. Alikuwa ameliombea livunjike tangu asubuhi ile, sasa naweza kukuambia wazi, na fundi mmoja mwenye mabega mapana alikuwa amelinyoosha.

Simu ilikuwa na mtandao. Binti alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Baba! Umefika?"

"Nimefika. Mji nauona."

"Na trela?"

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, limenishinda, na ingekuwa kweli ya saa nne zilizopita. Lakini alishapeana mkono.

"Trela halina neno," alisema. "Lilinisumbua mwanzo, mzigo ulikaa vibaya. Nimeupanga upya. Sasa linanyooka kama rula."

Konokono alisikia mafaili yakisogezwa, mtu akiuliza kitu kwa mbali, mlango ukifungwa.

"Basi hongera, Baba," alisema binti, sauti imeshuka. "Tulikubaliana. Umelimudu. Mimi sitakusumbua."

"Sawa."

"Ule vizuri."

"Sawa, mama."

"Haya, Baba. Kazi njema."

"Mama," alisema Konokono.

"Naam?"

Konokono aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Nisumbue."

"Umesemaje?"

"Nisumbue, mwanangu. Gari zima, trela zima, mimi mzima. Hakuna kilichonishinda ila kuwa peke yangu. Siwezi. Nimejaribu toka asubuhi na siwezi."

Alisikia binti akivuta pumzi, kisha akasikia mtu mzima, karani wa masjala, analia kazini bila kujificha.

"Geuza, Baba," alisema alipoweza. "Geuza uje."

"Hapa hapageuziki. Njia nyembamba na sina wa kunitazamia nyuma. Mpaka niingie mjini, nizunguke uwanja."

"Zunguka. Usikate simu. Sikati na mimi."

"Huna kazi huko?"

"Baba, endesha."

Konokono aliiweka simu kwenye dashibodi, akatia gia, akaingia mjini taratibu kutafuta pa kugeuzia.